Mchele wa Kubandika

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye chumba cha kulea watoto baada ya shule hapa mtaa wa Ixelles, ughaibuni, Madame Directrice, mkuu wetu, alinikabidhi gundi, maboksi ya mayai na kilo mbili za mchele. Nikadhani napelekwa jikoni. Wapi! "Ni za bricolage," akasema. Bricolage ndiyo hiyo kazi ya mikono: mtoto anapaka gundi kwenye karatasi, anamwaga mchele, ukikauka anautia rangi nyekundu na njano, eti mti wa vuli, majani yanapopukutika. Jioni mzazi anausifu, kesho yake uko pipani.

Jamani! Mtu umetoka Bujumbura, umepitia kambini ambako mchele ulipimwa kwa kikombe, halafu unaambiwa uumwagie gundi! Nikamwambia, "Madame, majani yamejaa njiani. Na Matonge, kwenye maduka ya Waafrika, wanatupa maganda ya vitunguu, yana rangi hiyohiyo."

"Bon, Zuhura, uko kwenye majaribio ya mwezi mmoja. Fanya nilivyosema."

Nilikuwa na watoto watatu, na bila mkataba wa kazi tungefukuzwa kwenye nyumba. Nikabandika.

Jumatano moja, siku ambayo shule huisha mchana, mtoto wa kike wa miaka minne, wazazi wake watu wa Lubumbashi, akachota mchele bakulini akatia mdomoni. Boksi lake la mkate lilikuwa tupu, nililiona. "Maman Zuhura, niko na njaa," akasema. Directrice alikuwa mlangoni, anatutazama. Nikamtia kidole mdomoni, nikautoa wote. "Tema! Hiki si chakula."

Ijumaa nikapewa mkataba.

Miaka ikapita, wakuu wakabadilika: Directrice wa pili alileta dengu, wa tatu makaroni. Hawakomi hawa! Wote niliwakatalia. Nikawafundisha watoto kukandamiza majani ndani ya magazeti wiki nzima yasijikunje, kufanya shina kwa bomba la karatasi ya chooni, na maganda ya vitunguu kuwa majani. Nikaandikiwa barua za onyo, nikazisoma, nikaziweka kabatini.

Sasa nimestaafu, na wafanyakazi vijana wananiita shupavu. Shupavu gani! Ushupavu wangu ulianza baada ya mkataba. Sheria ilikataza kumlisha mtoto kitu kisichotoka kwao, nami nikaitii. Jumatano ile mkate wangu ulikuwa mkobani. Nilikwenda kuula chooni, mtoto yule asinione.