Diski Mbili, Begi Moja

Juzi nilisimama kwa fundi kompyuta hapa Bariadi na begi linalochuruzika maji. Paa langu lilikuwa limevuja juu yake, likalowesha kompyuta pamoja na diski mbili za nakala. Na mimi ndiye ninayewahubiria watu kila siku: "Weka nakala!"

Mama mmoja mfugaji wa Mwanhuzi, aliyeleta simu yake, akachungulia.

"Na hizo nakala uliziweka humo humo?"

"Ndiyo, mama. Kwa usalama."

Akashika kiuno. "Ng'ombe wangu wengine wako kwa shemeji kule Lingeka, wengine kwa dada yangu. Ugonjwa ukiingia zizi langu, hao wanabaki. Mwanangu, wewe umesoma kweli?"

Fundi aliinama kuficha kicheko.

"Nimesoma, mama," nikajibu. "Hata vyeti vimo humu begini."