Rangi ya Kobe wa Wifi

Sauti anayoikumbuka ni ya magamba yakigongana ndani ya gunia, kavu na nzito, kama vyungu vinavyotuliwa sakafuni na mtu asiyetaka kusikika. Ilikuwa mchana. Mwenye duka la wanyama wa kufugwa alilishusha gunia kwenye saruji ya ua, akajifuta jasho shingoni, akasema kobe wamo wazima wote.

Anayeikumbuka ni mwenye ua; mtaa mzima humwita Mama Kobe. Wanawe walishaoa na kuolewa, na wakimpigia simu huanza kwa kuuliza wadogo zao wa uani hawajambo. Nyuma ya nyumba yake pana majani laini upande mmoja, mchanga upande wa pili, na ukuta mfupi ambao kobe hawezi kuupanda. Kobe wakitaga, huyafukua mayai kwa kijiko cha chai, akayapanga katika masanduku ya mchanga wenye joto, akangoja.

Wanaototolewa humo hukua na rangi ya kumsimamisha mpita njia: njano iliyokolea, na mistari myeusi iliyonyooka kama imepakwa wanja. Wateja hupenda kuuliza na yeye hupenda kueleza. Kobe wa porini, huwaambia, maisha yamempita mgongoni. Mawe yamemkwaruza, moto wa nyasi umemlamba, tope limeingia katika kila mfereji wa gamba, na njano yake imefifia ikawa kama doa la zamani kwenye shuka. Wa nyumbani hajawahi kupenya chini ya mwiba. Gamba lake ni safi, na pete za kukua kwake zinaonekana moja moja. Ukimlisha kupita kiasi ataota vinundu, lakini rangi haififii. Na wa porini aachwe porini, humalizia. Kumtoa huko ni wizi.

Msimu ule mayai yaligeuka viza. Maji yalikuwa yamepenya ukutani yakalowesha masanduku, naye hakujua mpaka harufu ilipomwambia. Angeweza kusema. Watu wangempa pole na kungoja msimu mwingine. Lakini alikuwa amezoea kusifiwa kama mtu anavyozoea sukari, na zaidi ya hapo alikuwa na ahadi kwa wifi yake.

Wifi huyu ni dada wa marehemu mumewe. Hakujaliwa mtoto. Ndiye mchekeshaji wa ukoo, na anayemcheka zaidi ni yeye mwenyewe: akipanda ua linakauka, akifuga kuku anahamia kwa jirani. Mkono wangu huu, husema, hata jiwe ukiliweka humo litakonda. Watu hucheka, naye hucheka kuwazidi. Mama Kobe, aliyelala naye chumba kimoja wakati wa msiba, anajua kicheko hicho hufika wapi watu wakishaondoka. Kwa hiyo wifi alipomwomba kobe, kwa sauti ndogo isiyo yake, akisema amesikia ni mnyama asiyekufa ovyo, alimwahidi mzuri kuliko wote.

Basi mwenye duka alipomletea kobe wa porini awang'arishe wauzwe kama waliozaliwa uani kwake, gunia akalifungua. Alitoa tope kwa mswaki na maji ya uvuguvugu, kisha akachukua kitambaa na mafuta ya kupikia. Njano ikapanda juu, ikang'aa. Kobe walivuta vichwa ndani, naye akashukuru kwamba hawamtazami. Mwenye duka aliondoka nao, isipokuwa mmoja.

Wifi alimpokea huyo mmoja kwa mikono miwili, akamlaza kwenye kiwiko, akauliza kama shingo yake inahitaji kushikiliwa. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Mafuta hayadumu. Haukupita muda, wifi akaingia na beseni, ua ukiwa na wateja. Kobe alikuwa na rangi ya majivu, na mikwaruzo ya zamani imejitokeza mgongoni.

"Wifi, mtoto kachujuka kama nguo ya mtumba," alisema, akijaribu kuchekesha. "Nimemfanya nini?"

Mama Kobe aliona wateja wakigeuka. Jibu alikuwa nalo mdomoni, akalimeza, likatoka jingine. Labda hapati jua la kutosha, alisema. Labda majani yanalala kabla hajayala. Wifi alisikiliza kama mwanafunzi, akamwomba arudie lile la jua, akaenda zake akishukuru.

Habari zilimfikia kwa majirani. Wifi amehamishia kitanda chake kwenye chumba kidogo, ili chumba chenye dirisha la asubuhi kiwe cha kobe. Anayaosha majani jani kwa jani. Kobe hali, anashinda akikwaruza ukuta wa upande wa vilima vya porini. Mama Kobe akaacha kupita mtaa ule. Mtu akimsifia mifugo yake, alitazama ndala zake.

Siku wifi aliporudi, beseni lilikuwa limefunikwa kitambaa safi. Uani palikuwa na bibi mmoja aliyekuja na wajukuu kuchagua kobe. Wifi hakutania. Aliweka beseni chini, akasema amemrudisha kabla hajamfia mikononi.

"Nimejaribu, wifi, unaniona. Mimi sina mkono wa kulea. Mungu aliliona hilo mapema."

Alilisema kwa sauti, wote wasikie, kama mtu aliyeamua achekwe mara moja yaishe. Hakuna aliyecheka. Bibi alimpa pole, kisha akamgeukia Mama Kobe na kumwambia afadhali awe mkali kidogo, asitoe viumbe wake kwa kila anayeomba.

Lililobaki lilikuwa kuinama na kulipokea beseni. Angelipokea, jina lake lingebaki safi mbele ya bibi na wajukuu, na wifi angekwenda nyumbani na neno lile alilojisemea, alibebe mpaka mwisho wa maisha yake. Mama Kobe aliinama. Ndipo alipoiona mikono ya wifi. Vidole vimekolea kijani cha majani, na kucha, zile kucha ndefu alizokuwa akiringia tangu usichana, zimekatwa mpaka kwenye nyama zisimkwaruze kobe.

Alikaa chini pale pale kwenye saruji, akaishika mikono ile yote miwili. Uso ulimwaka mpaka masikioni. Alisema polepole, chini kabisa, hata bibi akasogea na kuuliza amesema nini. Lakini wifi alikuwa amesikia.

"Mkono wako hauna kosa, wifi. Huyu alitolewa porini. Rangi ile nilimpaka mimi."