Binti Yangu Alisema Babu Yake ni Mchunga Ng'ombe Wetu

Admin, kama umenizidi umri shikamoo, kama ni mdogo kwangu basi marahaba. Jina langu lifiche na shule usiitaje, maana Sumbawanga yetu hii ni ndogo na midomo ni mingi.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, Msukuma. Nimezaliwa bondeni kule Mtowisa, baba yangu alihamia na ng'ombe wake kabla sijazaliwa. Nimeolewa na Mfipa, tunaishi mjini na watoto watatu na mama mkwe wangu. Kinachonitesa ni binti yangu mkubwa wa miaka kumi na nane, kamaliza kidato cha nne juzi juzi. Nina hasira naye, na hasira nyingine ni juu yangu mwenyewe.

Nilipoolewa, pande zote mbili ziligoma. Baba alisema, "Yaani umekosa wanaume wote hao mpaka uende kwa hao Wafipa wachawi?" Mama mkwe naye ni mkulima wa ulezi, mtu wa rozari, na ng'ombe wa Wasukuma walikuwa wameshamkanyagia matuta misimu miwili. Basi kwake mimi nilikuwa ng'ombe wa msimu wa tatu. Mwaka mzima hakugusa ugali niliousonga. Nikipakua, ameshiba. Nikiosha sufuria, anaiosha tena mbele yangu.

Nikajifunza kuishi. Kisukuma nikakiacha, watoto wangu hawajui hata salamu. Shemeji zangu wakianza kuwatania Wasukuma, washamba, hawajui kuvaa, mimi ndiye wa kwanza kucheka. Wakisema, "Utani tu huo, shemeji," najibu, "Kwani nani kakasirika?" Mtoto akichafua nguo namwambia, "Hebu acha Usukuma wako!" Mimi! Kwa mdomo wangu huu. Nilidhani najilinda, kumbe nafundisha.

Miaka ikaenda, wazee wakabadilika. Mama mkwe aliugua, nikamwogesha na kumlisha miezi minne. Siku hizi asipokula chakula cha mkono wangu anasema hajala. Yeye na baba yangu wakawa watani wa kweli. Mzee akija anaanzia mlangoni, "Mchawi wangu yuko wapi?" Mama mkwe anajibu kutoka jikoni, "Funga ng'ombe wako kwanza, mwizi wa matuta wewe!" Wanacheka mpaka wanakohoa. Nikasema Mungu mkubwa, yamekwisha.

Ikaja siku ya mahafali ya binti yangu. Baba alipanda kutoka bondeni juu ya lori la mpunga, kutwa nzima, na kofia yake ya pama, fimbo yake na katambuga za tairi miguuni. MC akaita familia zipeleke zawadi. Baba akatangulia mbele yetu sote akicheza ngoma ya kwao, fimbo juu, kitenge cha mjukuu begani. Watu wakampigia makofi kwa furaha kabisa. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili. Nikamsikia rafiki wa binti yangu akiuliza, "Mshikaji, yule mzee nani?"

Binti yangu akajibu, "Mchunga ng'ombe wetu huyo. Kajialika tu." Wenzake wakaangua kicheko.

Baba alisikia. Masikio yake ni mazima kabisa. Alisimama kidogo, akamfunika kile kitenge mabegani, akamwambia kwa upole, "Hongera, mtoto wa tajiri wangu." Akageuka. Mama mkwe, na nyonga zake mbovu, aliinuka akamfuata, akamshika mkono na kucheza naye mpaka kwenye kiti, huku akisema kwa sauti, "Huyu ni ndugu yangu, huyu!" Machozi yanamtoka. Mimi nilisimama pale na keki mkononi kama mjinga.

Nyumbani nikamkamata binti. "Umemtukana baba yangu mbele za watu!"

Akanitazama bila woga. "Mama, si utani tu? Kwani wewe ulikuwa unasemaje?"

Niliinua mkono, nikaushusha. Ningempiga kwa lipi? Bibi yake akamwambia, "Mjukuu wangu, ujinga huo nilikuwa nao mimi. Ujinga huo ulinipotezea miaka." Akamjibu, "Bibi, mambo ya makabila ni yenu wazee. Sisi hatuna ukabila. Ila ningesema yule ni babu yangu, darasa zima lingenicheka."

Sasa baba anaumwa. Alichomwa na mti mguuni, kidonda kimevimba, zahanati ya kule wamesema apandishwe hospitali huku mjini. Amekataa. Nilipompigia alisema, "Mchunga ng'ombe halali nyumba ya tajiri wake. Yule mtoto akija kunichukua, nitakuja. Asipokuja, niacheni na ng'ombe wangu."

Binti anasema hawezi kuomba msamaha kwa utani. Mume wangu anasema, "Achana nao, yatapita." Yatapita! Kaka yangu ananiambia mguu umeanza kubadilika rangi. Mvua zimeanza, na ile barabara ya kushuka bondeni ikilowa vizuri hakuna gari litakalokubali. Mama mkwe anataka kushuka yeye. Nyonga hizo hizo.

Leo nimemwambia binti, "Kesho unapanda gari, utake usitake." Akasema, "Sawa mama, nitaenda." Akarudi kwenye simu yake. Nikakosa raha kuliko kama angekataa. Namjua baba yangu. Nitampakia mtoto kwenye gari, nitamfikisha mpaka kitandani pale, na baba akimwangalia tu usoni atajua kwamba ameletwa, hajaja.

Ndugu zangu, hasa mliolea, nishaurini. Mguu wa mzee haunisubiri.