Likeri ya Machungwa Machungu

Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa, wa kwaya na kitambaa kichwani, na mpaka leo sijaona mtu wa kumshinda kwa kuchanganya vinywaji. Alifundishwa na bosi wake wa kwanza, Mgiriki mmoja aliyekuwa na ofisi mjini. Alichokipenda kuliko vyote kiliitwa sidikari: konyaki, likeri ya machungwa, ile pombe tamu yenye harufu ya maganda yake, maji ya ndimu, na sukari iliyogandishwa kuzunguka mdomo wa glasi. Kila Jumamosi mchana alitengeneza mbili, yake na ya rafiki yake, karani mwenzake aliyetoka mtaa wa Carama, upande wa pili wa mji, kuja kwetu Musaga. Walikunywa polepole huku wakisengenya ofisi nzima.

Halafu vita ikaingia mjini. Mitaa ikagawana watu kwa makabila. Wa kwao hawakukanyaga kwetu, wa kwetu hawakukanyaga kwao. Ofisini waliendelea kukaa meza moja, lakini Jumamosi yao ilikufa. Na kulikuwa na uvumi wa sumu. Kwetu Burundi mwenyeji huonja kinywaji kwanza ndipo ampe mgeni, na miaka ile hata hilo halikutosha. Watu walikataa hata maji ya kunywa.

Siku moja mama akatangaza kwamba rafiki yake atarudi kunywa kwetu, na atakunywa sidikari. Mi nilikuwa nimemaliza shule, kazi sina, mdomo ninao. Nikamuuliza likeri ataitoa wapi. Ilikuwa wakati wa ambago, majirani wametufungia mipaka, na madukani rafu tupu na mwenye duka anapiga miayo. Konyaki alikuwa nayo, nusu chupa, aliificha kwenye sanduku la vitenge. Likeri ndiyo hakuna.

"Tutaitengeneza," akasema, basi.

Machungwa matamu ya sokoni aliyakataa, eti ganda lake halina nguvu. Alikumbuka mti wa machungwa machungu kule Ruziba, kando ya ziwa, kwenye kiwanja cha mvuvi mmoja, matunda ambayo hata mbuzi hayataki. Tukangoja asubuhi barabara ilipotulia, tukaenda, tukarudi na kikapu kimejaa. Yule mvuvi alitutazama kwa huruma. Nadhani aliamini njaa imetufikisha pabaya.

Mama alimenya maganda membamba, ule weupe wa ndani akauacha kwenye tunda, akayaanika juu ya bati. Kisha huyu mama wa kwaya akajitanda kitenge mpaka machoni, akaenda kununua kanyanga, ile pombe kali ya kupikwa uani ambayo polisi wakiikuta wanaimwaga. Aliichuja kwa makaa na pamba, akarudia na kurudia, mpaka harufu yake ikafa. Nilicheka hadi akanifukuza jikoni. Lakini alipoyaloweka yale maganda, nyumba nzima ikanukia vizuri, nikarudi jikoni mwenyewe.

Kulibaki viungo. Tukaenda mtaa wa Buyenzi kwa mzee mmoja Mwislamu, muuza iliki na mdalasini, anayemjua mama tangu usichana wake. Mama akatoa kichupa, akaona haya, akakirudisha kwenye mkoba.

"Kuonja apana, dada," mzee akasema. "Lakini kunusa, lete."

Akanusa, macho ameyafumba. Akachagua iliki kidogo na karafuu moja tu, akavifunga kwenye karatasi. "Hii itaikamata ile harufu," akasema. "Pua yangu Mungu ataisamehe."

Likeri ilipokuwa tayari, mama akamwalika rafiki yake walipokuwa ofisini. Akajibiwa, "Nitaona." Mi nilijua "nitaona" maana yake nini, nikamwambia mama asijichoshe. Akaniambia nikatafute barafu.

Jumamosi mchana mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, amekonda, amevaa viatu vya kazini. Alikaa pembeni kabisa ya kiti, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja daktari. Mama akaleta glasi mbili, sukari imezunguka bila pengo, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hatukuliwaza hata kidogo. Ili mama aonje kwanza, ilibidi aweke midomo yake juu ya ile sukari, aiharibu. Na asipoonja, nani angekunywa?

Mama akainua glasi ya mgeni. Niliogopa, sitadanganya; niliogopa huyu mwanamke atasimama aende zake, na mama yangu asiinuke tena.

Rafiki yake akanyoosha mkono, akaichukua ile glasi kabla haijafika midomoni mwa mama.

"We acha," akasema. "Utaniharibia sukari."

Akanywa. Akalamba ukingo wa glasi taratibu, akafumba macho. Mama akakaa chini, machozi yanamtoka, hakuyafuta.

"Kunywa yako, barafu inayeyuka," mgeni akamwambia, na mkoba akauweka sakafuni. "Halafu yule wa uhasibu, umesikia alichofanya juzi?"