Mtani Aliyeziba Mlango

Siku tuliyomzika baba yangu hapa Gongoni, mwanangu, naikumbuka hadi leo, na kila nikiikumbuka nasema alhamdulillahi. Usishangae. Umeniuliza upatanifu ni nini, na mimi sijui kueleza neno bila kueleza watu.

Umesema mwalimu wenu amewaambia kwamba kwa Wagiriki wa kale neno lao la upatanifu lilianzia kwa mafundi, katika kuunganisha mbao. Baba angefurahi kulisikia hilo, maana alikuwa seremala. Akitengeneza kitanda cha mninga, ulimi wa ubao huu uliingia kwenye tundu la ule, ukakaa bila msumari. Wanawe ndio waliomshinda. Kaka zangu, Saidi na Hamisi, waligombea karakana yake angali hai, Saidi akahamia Urambo kwa hasira, na tangu hapo hawakuamkiana. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Sisi tulilima mpaka jembe likaisha makali. Mama alihofu kwamba baba akishazikwa, wale wawili hawatakanyaga tena mlango mmoja.

Kweli, wakati wa kutoa jeneza, Saidi alikuja na wenzake, Hamisi naye na wake, kila upande ukitaka kubeba bila mwingine. Hapo Mzee Kondo akaenda kuketi kizingitini, akaziba njia. Alikuwa Mzaramo, mstaafu wa reli, mtani wetu. Utani wetu Wanyamwezi na watu wa pwani ni wa tangu misafara ya mababu.

"Maiti hatoki," akasema. "Wanyamwezi gani nyinyi? Babu zenu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka kwetu pwani. Leo baba mmoja, tena mkondefu, amewashinda?"

Watu wakacheka, palepale msibani. Nilikuwa msichana, damu ikanichemka, nikainuka nikamtoe. Mama akanishika mkono.

"Kaa, binti yangu. Neno hilo akilisema jirani ni tusi. Mtani ana ruhusa."

Mzee Kondo akaendelea, sasa taratibu. "Pembe kubwa ilibebwa mzegazega, imening'inia kwenye mti, mmoja mbele, mmoja nyuma. Wakipishana hatua, inawagonga wote wawili. Saidi, shika mti huu wa jeneza, mbele. Hamisi, nyuma yake. La sivyo nalala hapa hapa, mnizike mimi kwanza."

Hamisi alicheka, kisha akalia. Wakashika mti mmoja wa jeneza, na nikiwa mlangoni nikamwona Hamisi akibadili mguu ili aende sawa na kaka yake. Mama naye aliona. Waliporudi kutoka makaburini walikula sinia moja. Hawakugeuka malaika, karakana waliibishania mpaka wakaota mvi, ila walibishana huku wakila.

Basi mwanangu, vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Lakini watu wakibeba mzigo mmoja, lazima mmoja akubali kubadili mguu. Akiwa wewe, usione haya. Na mshukuru anayekuambia ukweli ukacheka kabla hujakasirika, maana watu hao ni wachache.

Mungu amrehemu Mzee Kondo. Na nyinyi awajalie mtu wa kuwazibia mlango, siku mtakapotaka kupita kila mmoja kivyake.