Chungu Kinachotoa Jasho

Kwa muda mrefu Mama na mimi tuligombana kuhusu jokofu. Mimi ninalo hapa mjini Makole, yeye hana kule kijijini Gulwe, na tangu aanze kuchoma sindano za insulini nilikuwa nikimsihi ahamie kwangu ili dawa yake ikae mahali pa baridi. Jibu lake lilikuwa lilelile: "Na mbuzi nao watakaa kwenye jokofu?"

Nesi wa zahanati ndiye aliyetupatanisha. Alimfundisha Mama kuweka kichupa cha dawa ndani ya chungu kidogo, hicho kidogo ndani ya kikubwa, katikati ajaze mchanga, na mchanga huo aumwagilie maji kila siku. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilisikiliza kwa adabu, lakini moyoni niliona ni mambo ya kujifariji tu.

Nilipoenda kumsalimia kiangazi, kilichonikera ni maji. Wakati huo Mama huchota korongoni. Anachimba mchanga mpaka shimo limfike kiunoni, anasubiri maji yajikusanye, kisha anayateka kwa kata, kidogo kidogo, mpaka ndoo ijae. Halafu anarudi nyumbani na kukimwagia chungu kikombe kizima kabla yeye mwenyewe hajanywa. Nilikigusa kwa nje nikakuta kimelowa. Kumbe kinavuja! Jasho lote lile la mama yangu linapotelea hewani, na hakuna anayesema kitu.

Hasira zikanipanda, nami nikikasirika huwa sishikiki. Nilimwaga mchanga wake, nikakianika chungu juani, nikaenda dukani kununua kopo la rangi ya mafuta, ya bluu. Nikakipaka nje kote, mara mbili. Kilivyokauka kiling'aa kama cha harusini, nikakirudishia mchanga na dawa yake. Mama alisimama mlangoni akinitazama.

"Umekipendezesha," alisema, akaingia ndani.

Wiki tatu baadaye alinipigia simu. Kiu haimwishi, macho yanaona ukungu, sukari imepanda, na sindano anachoma vilevile alivyoelekezwa. Nilipanda basi la kwanza. Nilimkuta amelala barazani saa sita mchana, yeye ambaye maishani mwangu sijamkuta amelala jua likiwa juu. Nilimwamkia huku naelekea kwenye chungu, nikaingiza mkono. Mchanga ulikuwa umelowa vizuri, na ulikuwa na vuguvugu kama uji uliosahauliwa mezani. Kwa nje rangi ya bluu ilikuwa kavu kabisa.

Nilielewa papo hapo. Kila mwaka naliandika ubaoni jambo hili: tone la maji haliondoki mikono mitupu. Ili ligeuke mvuke lazima lichukue joto, na hulichukua pale pale linapotoka. Chungu hakikuwa kinavuja. Kilikuwa kinatoa jasho, mimi nikakiziba ngozi, na dawa ya mama yangu ikapikwa polepole humo ndani.

"Mama, hukuona kwamba hakina baridi?"

"Niliona siku ya pili."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu. Nikasema atakuwa na sababu."

Nililia mbele yake bila aibu. Kisha nilimpeleka zahanati. Nesi alikitupa kile kichupa, akampa dawa mpya, akatubakiza pale siku nzima akimwangalia. Jirani mmoja mfinyanzi alitupatia chungu kingine, cha udongo mtupu.

Kesho yake tulikijaza mchanga, tukaumwagilia maji, tukakiweka kivulini, nami nikakaa kando yake kama mtu anayelinda mgonjwa. Upepo wa Gulwe ulikuwa ukivuma, ule ule unaopasua midomo na ambao nimeulaani tangu utotoni. Taratibu udongo ukakolea rangi, ukalowa. Niliweka kiganja, nikakiondoa, nikakirudisha. Kulikuwa na baridi! Kadiri upepo ulivyozidi kuwa mkavu, ndivyo baridi ilivyozidi. Ardhi ilikuwa inaunguza nyayo, umeme haupo, na maji ya korongoni yalikuwa yanaondoka bila sauti, yamebeba joto mgongoni. Nilipigwa na butwaa. Miaka yote nafundisha jambo ambalo sikuwahi kulishika kwa mkono.

Sukari ilianza kushuka, na Mama akaanza tena kuwafokea mbuzi. Asubuhi niliyopaswa kuondoka nilikwenda korongoni mwenyewe, nikachimba mpaka kiunoni, nikarudi na ndoo. Nilimjazia kikombe cha kwanza. Alikipokea kwa mikono miwili, midomo imemkauka, akanipita, akakimimina chote kwenye mchanga wa chungu.

"Huyu kwanza," alisema.

Nikamjazia cha pili, akanywa. Nilivyoona ndoo imepungua, niliibeba nikarudi korongoni.