Mkono Ukiinuka, Natoa Jiwe

Mke wangu ndiye aliyeendesha trekta. Mimi nilishika jiwe.

Nasema mapema ili mtu asinisifu bure. Watu wakisikia shamba lina trekta, wanadhani mwanamume ndiye aliyekaa juu. Kwetu alikaa yeye. Walimwita Mama Trekta, na mimi nikaitwa Mzee Jiwe, hata kabla sijawa mzee.

Trekta lenyewe ni la kati. Kwenye shamba la tajiri wangelicheka. Kwenye shamba letu la urithi, likigeuka mpakani, nusu yake inabaki kwa jirani. Tulilichukua kuukuu, rangi imebanduka, kiti kimefungwa gunia. Mke wangu alilizunguka, akapiga tairi teke, akasema, "Lina uso wa kazi." Basi likaja nyumbani.

Siku ya kwanza niliendesha mimi. Tangu utoto nilikuwa nimelima kwa ng'ombe. Nikaenda vizuri tu, kisha kiu ikanishika, nikashuka kwenda kunywa maji. Ng'ombe ukiwaacha wanasimama. Trekta halikusimama. Lilikuwa kwenye gia ndogo, likaenda taratibu kama mtu aliyetumwa, likatoka shambani, likapita uani, likaingia banda la kuku. Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Akaweka beseni chini, akalifuata kwa miguu, akapanda, akavuta kizimio. Kimya. Kuku mmoja alikuwa juu ya boneti.

"Umelituma wapi?" akaniuliza.

"Nilikwenda kunywa maji."

"Nalo likasikia kiu?"

Kuku walilala nasi ndani mpaka banda lilipojengwa upya. Kesho yake alipanda yeye, nami sikupanda tena. Alichonisimanga miaka yote si banda. Ni kwamba ule mstari ambao trekta lililima peke yake ulinyooka kuliko yote niliyolima mimi.

Miguu ya mke wangu ilikuwa mifupi, haifikii klachi sawasawa. Nikachonga kigogo cha mti mgumu, nikakifunga kwa waya juu ya pedali. Huo ndio ufundi wangu wote kwenye trekta.

Kisha stata ikafa. Fundi akaifungua, akaitazama, akasema kipuri kinakuja, kwa sasa tuwe tunaliegesha mlimani tuliwashe kwa kuteremka. Kipuri hakijafika. Fundi naye amezeeka, akiniona kwa mbali hubadili njia.

Nyuma ya nyumba kuna mteremko unaoshuka mpaka shambani. Kila jioni mke wangu alilipandisha juu, pua ikatazama shamba, nami nikaweka jiwe mbele ya gurudumu. Ni jiwe jeusi la mtoni, umbo lake kama mkate. Asubuhi alipanda, akakanyaga klachi, akatia gia, akainua mkono wa kushoto. Mkono ukiinuka, nang'oa jiwe kwa mtaimbo. Linateremka. Likifika kwenye mpera ulio katikati ya mteremko anaachia klachi, linakohoa, linatoa moshi, linawaka. Likipita mpera halijawaka, basi tena. Linalala bondeni, na tunakwenda kwa jirani kuomba ng'ombe wa kulivuta.

Jirani alikuwa akija anacheka toka kwake.

"Shemeji, ng'ombe wangu wanauliza, hivi hilo trekta huwa linafanya kazi gani?"

"Waambie wavute kwanza," mke wangu alimjibu. "Jibu liko huko juu."

Pale mlimani hatukuwa tukisema neno. Kulikuwa na mkono na jiwe. Mwaka mmoja tulinuniana tangu palizi mpaka mavuno, kwa sababu ambayo mimi siikumbuki na yeye hakuisahau. Chakula aliniwekea bila kunitazama. Lakini asubuhi mkono uliinuka vilevile. Nikijumlisha maisha yetu, mgongo wake nimeutazama kuliko uso.

Baada ya mavuno yaliyopita alisema kifua kinambana. Jioni ile alilipandisha trekta kama kawaida, nikaweka jiwe. Akashuka, akajifuta mikono, akasema asubuhi anakwenda hospitali kupimwa tu, nisiliguse mpaka arudi.

Alirudi kuzikwa. Sikuligusa.

Mawingu ya kupandia yalipoanza kukusanyika, akaja mwanangu wa kwanza, seremala, anakaa mjini. Ni kijana mzuri, mrefu, ana haraka.

"Baba, trekta linaliwa na kutu pale juu. Nani ataliendesha? Wewe?"

"Mimi ni wa jiwe."

"Ndiyo maana nasema. Jumamosi naleta mnunuzi. Likishaondoka, shamba tulikodishe, wewe upumzike."

Nimewaona waliopumzishwa. Wanakaa kibarazani wanaamkia wapita njia, na wapita njia wanaongeza mwendo. Trekta likienda, shamba linakwenda, na mimi nabaki na jiwe lisilo na gurudumu. Hayo sikumwambia. Nilimwambia, "Sawa, nimekusikia."

Kitinda mimba wangu, binti, ni fundi wa nguo. Cherehani chake kiko sebuleni, cha kukanyaga. Kikanyamaza.

"Kaka, umemaliza kuuza? Au na mimi nina mteja?"

"Wewe shona."

"Nashona. Masikio hayashoni."

Jumamosi mnunuzi akaja, mtu wa matrekta makuukuu na vyuma chakavu. Akaniamkia vizuri. Akasema liwashwe asikie sauti yake. Mwanangu akapanda. Magoti yakagonga usukani.

"Nani kaweka kuni hapa?"

Akakata waya, akatupa kigogo majanini. Nikaenda kwenye jiwe, nikashika mtaimbo.

"Toa, Baba!"

"Mkono."

"Mkono gani?"

"Inua mkono."

"Baba, si nimekwambia toa?"

"Nimesikia. Natazama mkono."

Mnunuzi akanitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama viatu vyake. Mwanangu akainua mkono wa kulia. Nikangoja. Akainua wa kushoto. Nikang'oa jiwe.

Likateremka vizuri. Likapita mpera, yeye bado ameikanyaga klachi, anafikiri. Alipoiachia, mteremko ulikuwa umekwisha. Likakohoa mara moja, likatulia bondeni kama ng'ombe aliyeshiba.

"Hili," akasema mnunuzi, "nitalichukua kwa kilo."

Jirani akaja na ng'ombe. Safari hii hakutania. Alifunga mnyororo, akasema "Pole, mzee," wakalivuta mpaka juu. Ningependa angetania.

Nikaweka jiwe. Binti yangu akatoka nyumbani na kipande cha kitambaa kigumu. Akakitafuta kigogo majanini, akakipangusa, akakifunga kwenye pedali, akavuta fundo kwa meno.

"Kaka, shuka."

"Umewahi kuendesha wewe?"

"Nimekaa kwenye madigadi pembeni ya mama tangu sijang'oka meno ya utoto. Shuka, utakuja kupinda huo usukani kwa magoti."

Akashuka. Akaenda kwenye banda la kuku, akafungua, akaanza kuwatoa mmoja mmoja.

"Kaka, hiyo ni dharau!"

"Si dharau. Nimekumbuka tu."

Mnunuzi akauliza kuku wanahusikaje.

Binti yangu akakaa. Miguu ilifika pale ilipofika ya mama yake. Akakanyaga klachi, akatia gia. Mkono wa kushoto ukainuka.

Nilikuwa nimeshika mtaimbo. Nilikuwa natazama mgongo.

"Baba!"

"Nipo."

"Mkono uko juu mpaka umekufa ganzi!"

"Mama yako hapa hakuwa akisema."

"Mama alikuwa akitolewa jiwe!"

Hapo alinishinda. Nikang'oa.

Likateremka. Kwenye mpera akaachia klachi. Likakohoa, likatema moshi mweusi, na mlio ukaja. Tangu mavuno nilikuwa sijausikia. Jirani alisema kitu, lakini kwa kelele zile sikukisikia, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Nikashuka bondeni nikafunga plau. Akaingia shambani. Mstari wa kwanza ulipinda, wa pili ukaufuata wa kwanza. Kwenye mpaka aligeuka, akabakiza nusu ya trekta kwa jirani, akarudi. Mnunuzi alisimama mpaka mstari wa tatu. Kisha akamwambia mwanangu kwamba chuma kinachotembea yeye hapimi kwa kilo, na pesa ya trekta zima hakuja nayo. Mwanangu akamsindikiza barabarani. Aliporudi hakutaja kuuza wala kukodisha. Alitaja mistari.

"Baba, imepinda."

"Itanyooka."

"Imepinda sana."

"Ule ulionyooka ndio uliovunja banda."

Akavua shati, akachukua jembe kwenda kumalizia pembe ambazo plau haizifikii. Mikono ya seremala. Alipofika katikati ilikuwa na malengelenge, lakini hakuondoka.

Jirani alipita na ng'ombe wake wakienda kunywa maji.

"Mzee Jiwe," akaita. "Ng'ombe wangu wanauliza kama kesho watahitajika."

"Waambie wakae karibu."

Jioni binti yangu alilipandisha trekta mlimani, pua ikatazama shamba. Nikaweka jiwe. Akavuta kizimio, akashuka, akajifuta mikono kwa kile kitambaa kilichobaki.

"Kesho mapema, Baba?"

"Kesho mapema. Lakini usiniite. Inua mkono tu."

"Na usipotoa?"

"Nitatoa."

Akaenda kuwarudisha kuku. Mimi nikabaki kidogo. Nikalipiga jiwe teke kuona kama limekaa.

Limekaa.